Kurasa 64: Hesabu ya Mshairi Anayejichapia

Mwalimu mmoja, mshairi, alifika kwangu jioni, treni ya mizigo ikiwa ndiyo kwanza imeondoka stesheni ya Kintinku kuelekea Saranda. Mkononi alishika kauntabuku lililoviringishwa kitenge ili vumbi lisiliharibu. Ndani yake mlikuwa na mashairi 52, yote tarbia, mizani 16 kwa mshororo, beti sita kila moja. Nilisoma matatu kwa sauti, naye akafuata kwa midomo bila kutazama karatasi.

"Mzee wangu," akasema, "nataka nikichape kitabu changu mwenyewe. Mchapaji wa Dodoma kaniuliza swali moja tu: nakala ngapi? Nimekosa jibu."

Nimeandika makala hii kwa ajili ya jibu hilo. Washairi wa Kiswahili waliomiliki chapa zao wenyewe wapo, wa jana na wa leo. Nikizichambua kazi zao, sioni kwamba waliofika mbali waliwazidi wenzao kwa fedha au kwa vina. Waliwazidi kwa jambo moja: kabla mashine haijawashwa, walikwisha kujua sehemu kubwa ya nakala inakwenda kwa nani.

Mchapaji na mchapishaji

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mchapaji ana mashine. Unampelekea kazi, anaifanya, unamlipa, mmemalizana. Kitabu kikiuzika au kikioza, yeye hana hasara. Mchapishaji ndiye anayebeba hasara hiyo. Anachagua muswada, anauhariri, anamlipa mchapaji, anatafuta wasomaji, kisha anakaa kusubiri fedha irudi.

Mshairi anaposema "najichapia", mara nyingi anadhani amejitwika kazi ya kwanza. Kumbe amejitwika ya pili, na mzigo wa kazi ya pili ni kusubiri. Maduka mengi ya vitabu huchukua diwani mali kauli: unaacha nakala, unarudi baada ya miezi, unalipwa zilizouzwa na kurudishiwa zilizobaki. Nami niliwahi kuacha maboksi mawili ya diwani yangu kwenye duka moja. Niliporudi duka lilikuwa limefungwa na mwenye nyumba hakujua vitabu vilikwenda wapi. Tangu siku hiyo nahesabu kitabu kuwa kimeuzwa pale tu fedha yake inapokuwa mkononi.

Karatasi moja, kurasa 16

Nilimpa Mwalimu karatasi ya A4 nikamwambia aikunje katikati mara tatu. Ukiikunja hivyo na kukata kingo unapata kijitabu cha kurasa 16. Kiwandani ni vivyo hivyo, ila karatasi ni kubwa: ya A2, ikipigwa chapa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16 za A5, ukubwa wa kawaida wa diwani zetu.

Tukaziandikia namba kurasa za kijitabu chake, kisha tukakifungua. Mwalimu akashangaa kuona ukurasa wa 1 umelala jirani na wa 16, wa 4 jirani na wa 13, na wa 8 umepinduka kichwa chini karibu na wa 9. Akajumlisha: 1 na 16 ni 17, 4 na 13 ni 17, 8 na 9 ni 17. Kila jozi inayopakana kwenye mkunjo wa mgongo hutoa jumla hiyo hiyo. Mpanga kurasa akikosea hesabu hii hata mara moja, ubeti wa mwisho utasomwa kabla ya ule wa kwanza.

Maana yake kwa mshairi ni kwamba kitabu hukua kwa mikunjo. Kinatoka kurasa 16, kinakwenda 32, 48, 64, 80. Mchapaji anaweza kuongeza nusu mkunjo akiombwa, ila ni usumbufu na gharama. Diwani ya kurasa 65 hulipiwa karatasi na pleti, yale mabamba ya kupigia chapa, karibu sawa na ya kurasa 80. Na nafasi tupu hulipiwa sawasawa na nafasi yenye maneno.

Basi tukachukua shairi moja la Mwalimu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na ukiongeza mstari mtupu wa kuutenga na wa pili, ni mistari mitano. Beti sita ni mistari 30. Kichwa cha shairi pamoja na nafasi yake kinakula mistari mitano mingine. Jumla 35.

Sasa angalia. Ukipanga kwa herufi za pointi 12 na nafasi pana, ukurasa wa A5 unaingia mistari kama 30. Ubeti wa sita unasukumwa ukurasa wa pili na kukaa huko peke yake. Mashairi 52 yanakuwa kurasa 104. Ongeza kurasa 12 za jina la kitabu, hakimiliki, yaliyomo na dibaji, unapata 116, yaani mikunjo minane, kurasa 128. Ukishuka hadi pointi 11 na kuibana kidogo nafasi kati ya mistari, ukurasa unabeba mistari 35 kamili. Kila shairi linakaa ukurasa wake. Kurasa 52 na 12 ni 64: mikunjo minne, bila ukurasa mmoja wa ziada.

Pointi moja ya herufi imepunguza karatasi kwa nusu. Na mshororo wa mizani 16, ukwapi na utao, bado unatosha kwenye mstari mmoja wa A5 bila kukatwa. Msomaji anaiona tarbia yote kwa jicho moja, kama anavyoisikia kwa pumzi moja. Hapa uchumi na sanaa vimekubaliana, na mshairi anayesimamia kurasa zake mwenyewe hapaswi kukosa kuliona hilo.

Tanga: karani na tenzi ndefu

Kwa kipimo hicho hicho tumtazame Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa serikali kwa miaka mingi, na vitabu vyake vya mwanzo vilipita mikono ya mbali. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949 na Kusadikika mwaka 1951 kwa kampuni ya Nelson. Adili na Nduguze mwaka 1952 kwa Macmillan. Pambo la Lugha ilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwandishi yuko Tanga, wachapishaji wako London na Afrika Kusini, na barua zinakwenda kwa meli.

Kuelekea mwisho wa utumishi wake aliamua kuwa mchapishaji. Insha na Mashairi, Masomo Yenye Adili na Almasi za Afrika vilitoka vikiwa na jina la chapa yake mwenyewe ya Tanga, Art and Literature. Namheshimu kwa uamuzi huo kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu wa mshahara wa ukarani, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alikataa kungoja ruhusa ya mtu wa ng'ambo ili Waswahili wasome Kiswahili.

Hata hivyo alipofariki Juni 1962, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa bado haijawa vitabu. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, Koja la Lugha mwaka 1969. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, ulitoka mwaka 1967.

Tuupige hesabu huo utenzi wa vita. Ubeti una mistari minne mifupi na mmoja mtupu. Ukurasa wetu wa mistari 35 unabeba beti saba. Beti 3,000 zinahitaji kurasa 429, yaani mikunjo 27. Ukiupanga kwa safu mbili, kwa kuwa mshororo wa mizani nane ni mfupi, unashuka hadi kurasa 215, mikunjo 14. Wazee wa pwani waliokuwa wakinakili tenzi kwa hati ya Kiarabu waliijua mbinu hii zamani: aghalabu waliandika ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vinne vikitengwa kwa alama. Karatasi ilikuwa ghali kwao pia.

Hata kwa safu mbili, mikunjo 14 ni mara tatu na nusu ya diwani ya Mwalimu, na mtaji huo wote ulipaswa kulala hadi wapatikane wanunuzi. Naamini hapa ndipo chapa ya Tanga ilipofika ukomo wake. Shaaban Robert alikuwa na miswada na jina lililojulikana Afrika Mashariki nzima. Alichohitaji ni mnunuzi wa nakala 1,000 za kwanza. Wasomaji walikuwapo siku zote, na ushahidi ni kwamba vitabu vyake vingali vinachapwa. Mkuki na Nyota, chapa aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, imevirudisha kadhaa sokoni.

Mgogo wa Dodoma na wanunuzi wake

Hapa kwetu Ugogoni tuna mfano wa upande wa pili. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Dodoma na kufariki mwaka 1969, hakuanzisha chapa. Lakini fuata vitabu vyake uone nani alivibeba. Diwani yake ya mwaka 1963 ilitoka kwa East African Literature Bureau, ofisi iliyoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948. Utenzi wa Enjili Takatifu ulitoka mwaka huo huo kwa Wabenediktini wa kusini, na waumini walikuwepo kuusoma. Ngonjera, utungo wa majibizano ambao yeye ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi wake, zilichapishwa na Oxford mwaka 1970 na 1971 kwa jina la Ngonjera za UKUTA, zikaingia shuleni na kwenye majukwaa ya taifa changa.

Kila kitabu kilikuwa na nyumba ya kupokelewa: ofisi, kanisa, shule. Mnyampala alitunga akijua nani atayasema maneno yake kwa sauti na wapi. Ngonjera haiwezi kukaa kabatini. Inahitaji wasemaji wawili na hadhira, na kila msemaji anahitaji nakala. Utungo wenyewe ulikwisha kumtafuta mnunuzi wake.

Nakala 3,000 kati ya 5,000

Sasa twende kwa mtu aliyeunganisha ushairi na uchapishaji kwa mpango. Elieshi Lema alianza kuonekana kama mshairi katika mkusanyo wa Summons uliotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifanya kazi ya uhariri katika shirika hilo hilo, akajifunza kitabu kinavyotengenezwa kutoka ndani, kisha mwaka 1989 yeye na Demere Kitunga wakaanzisha chapa ya E&D. Riwaya yake Parched Earth, ya mwaka 2001, ilitajwa kwa heshima katika Tuzo ya Noma mwaka huo.

Lakini chapa ndogo ya wanawake wawili ilisimamaje Dar es Salaam ya miaka ya 1990, maduka ya vitabu yakiwa yamedhoofika na maktaba za shule tupu? Sehemu ya jibu ni Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na wenye akili nyingi. Mchapishaji anawasilisha muswada. Ukikubaliwa, anachapa nakala 5,000, na mradi unanunua 3,000 kuzipeleka shuleni. Nakala 2,000 zinabaki kwa mchapishaji aziuze.

Nautazama utaratibu huu kama fundi anavyotazama bawaba nzuri. Ukichapa 5,000, gharama zisizobadilika zinagawanyika kwa wengi na kila nakala inakuwa rahisi. Zile 3,000 zinarudisha mtaji, na 2,000 zinamfundisha mchapishaji kuuza, kwa sababu asipouza hana faida. Msaada wa aina nyingine ungempa fedha akalala. Huu ulimpa sehemu ya soko, akalazimika kuitafuta sehemu iliyobaki.

Udhaifu wake ni ule wa kila nguzo iliyo mkononi mwa mwingine. Katika miaka ya 2010 serikali iliikabidhi Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandika na kuchapisha vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakapoteza soko lililokuwa linabeba vitabu vyao vingine. Chapa yenye nguzo moja huyumba siku nguzo hiyo inapohamishwa.

Nairobi: tamthilia na diwani

Kithaka wa Mberia, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ametoa kazi zake kupitia Marimba Publications, chapa yake mwenyewe. Nimeipanga orodha yake kwa miaka, na mpangilio umenifundisha kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1997: diwani ya Mchezo wa Karata na tamthilia ya Natala. Mwaka 2001: diwani ya Bara Jingine na tamthilia ya Kifo Kisimani. Mwaka 2004 tamthilia ya Maua kwenye Jua la Asubuhi, na 2005 diwani ya Redio na Mwezi. Kisha 2007, diwani ya Msimu wa Tisa.

Diwani hazitembei peke yao. Karibu kila moja ina tamthilia pembeni. Na Kifo Kisimani iliteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari za Kenya. Kwa mchapishaji mdogo, kitabu teule ni mvua ya msimu mzima: kila mwaka kidato kipya kinakihitaji. Mimi naisoma orodha hii kama mhasibu, na naona tamthilia ikiweza kuilipia diwani nauli.

Kuna la pili. Kithaka anaandika mashairi huru, na ni fundi wa kutumia sura ya ukurasa. Maneno yake yanaweza kushuka kama ngazi au kutawanyika kama kitu kilichovunjika. Shairi la namna hiyo linatungwa mara mbili, kwenye daftari na kwenye meza ya mpanga kurasa. Mshairi anayemiliki chapa ndiye anayeamua neno lisimame wapi, na kama nafasi tupu ibaki tupu ingawa inalipiwa.

Nje ya kwetu mfano mashuhuri ni Lawrence Ferlinghetti wa San Francisco. Alianza na duka la vitabu, City Lights, mwaka 1953. Chapa ikafuata mwaka 1955, kwa vitabu vidogo vya mashairi vya kutia mfukoni. Howl ya Allen Ginsberg, mwaka 1956, ilianza na nakala 1,000 tu. Ferlinghetti alikuwa na kaunta ya kuuzia kabla ya kuwa na kitabu cha kuuza.

Hesabu ya Kintinku

Turudi kwa Mwalimu. Hana ofisi ya serikali, hana mradi, hana kitabu teule. Ana kurasa 64. Nilimwandikia mfano wa hesabu. Bei halisi atapewa na mchapaji wake.

Tuseme uhariri, upangaji wa kurasa, jalada na pleti ni shilingi 1,200,000, uchape nakala moja au 5,000. Karatasi, wino na gundi ni shilingi 1,500 kwa kila nakala. Ukichapa 500, jumla ni 1,950,000, na kila nakala imekugharimu 3,900. Ukichapa 1,000, jumla ni 2,700,000, na kila moja ni 2,700. Ukichapa 5,000, kila moja inashuka hadi 1,740, ila unatoa milioni 8.7.

Bei ya nakala moja hudanganya watu. Mshairi anaona 2,700 ni bora kuliko 3,900, anachapa 1,000, anauza 300, na zilizobaki zinaliwa na mchwa chini ya kitanda. Kitu cha kutazama ni fedha iliyokwama, na muda itakaokwama.

Nikamuuliza Mwalimu: "Harusi ya mdogo wako mlifanyaje?" Akacheka, kwa kuwa tunajua wote. Kamati, daftari la ahadi, simu za kukumbushia, na fedha ikakamilika kabla mpishi hajawasha moto. Hakuna anayepika pilau la watu 300 kisha akaanza kutafuta wageni.

Basi na afanye hivyo. Atafute watu 300 watakaolipa shilingi 4,000 kabla, kwa kitabu kitakachouzwa 5,000. Hiyo ni 1,200,000, sawa na gharama zote zisizobadilika. Achape 500. Zinabaki 750,000 za karatasi, atakazozitoa mfukoni mwake na kuzirudisha kwa kuuza nakala 150 mkononi. Hapo mtaji wote umerudi, na nakala 50 ziko huru: za maktaba zinazotakiwa kisheria, za walimu wenzake, za maduka ya Manyoni na Dodoma kwa mali kauli. Wakitaka zaidi, faili la kurasa lipo, na toleo la pili halilipii tena uhariri wala upangaji.

Watu 300 atawapata wapi? Alikwisha kuwa nao bila kuwahesabu. Anaghani kwenye mahafali. Kwaya mbili zinaimba maneno yake. Wazazi wa shule anayofundisha wanamwita awatungie shairi la kumuaga mwalimu mkuu. Vijana waliohamia Dodoma na Singida wanarekodi sauti yake kwenye simu na kutumiana. Vitabu vitawafikia kwa basi, kondakta akipewa bahasha na namba ya simu. Huku kwetu Ugogo, shairi humfikia mtu masikioni kwanza. Basi mauzo nayo yaanzie hapo, aghani kisha afungue daftari.

Wiki tatu baadaye alirudi na lile kauntabuku. Akalifungua kwa nyuma. Alikuwa ameligeuza, na kuanzia ukurasa wa mwisho amepiga mistari: namba, jina, kiasi, tarehe. Nilihesabu majina 87, na mbele ya 60 kulikuwa na alama ya kulipa. Akatoa pia ile A4 iliyokunjwa mara tatu, sasa ameongeza nyingine tatu, kamili kurasa 64 ndogo, kila shairi limepewa namba yake.

Kati ya zile kurasa 12 zisizo za mashairi, ule wa 64 alikuwa ameuacha mtupu. Nikamwambia umelipiwa, asiutupe.

"Si wa kutupa, mzee," akasema. "Nitawaandika humo hawa waliotangulia kulipa, kwa herufi ndogo, safu nne. Nimepima. Wanaenea wote 300 kwa pointi sita."

Nikachukua rula, nikapima tena. Wanaenea.